Somo: Jinsi ya kuwa dalali wa hisa, hatua kwa hatua

Wengi wanaoulizia kazi hii huanza na swali moja: nijifunze chati zipi? Hilo ni swali la mtu anayecheza na fedha zake mwenyewe. Dalali wa hisa hupokea agizo la mteja, hulipeleka sokoni, kisha hufuatilia hadi hisa zimefika kwa mnunuzi na fedha zimefika kwa muuzaji. Kubashiri bei ya kesho huchukua sehemu ndogo ya siku yake, na wapo madalali wazuri tu ambao hawabashiri chochote. Kwa hiyo humu nitaongelea zaidi namna ya kufika mahali ambapo watu wanakukabidhi fedha zao.

Hatua ya 1: Chagua aina ya udalali

Kuna dalali wa kutekeleza maagizo tu, na kuna dalali mshauri ambaye mteja humuuliza anunue nini. Wengine huhudumia watu binafsi, wengine mifuko ya pensheni na kampuni za bima. Tofauti hii ina uzito kwenye kipato. Marekani ilifuta viwango vya lazima vya kamisheni (ada anayolipwa dalali kwa kila agizo) tarehe 1 Mei 1975, London ikafuata Oktoba 1986, na tangu hapo bei ya kutekeleza agizo imekuwa ikiporomoka. Oktoba 2019 kampuni ya udalali ya Charles Schwab ilifuta kabisa kamisheni ya hisa za Marekani zinazonunuliwa mtandaoni, na washindani wake wakaiga ndani ya siku chache. Anayetaka kuishi kwa kubonyeza kitufe tu ajue anashindana na programu isiyolala.

Hatua ya 2: Elimu

Fedha, uhasibu, uchumi au takwimu vitakufungulia mlango kwa urahisi zaidi. Fani nyingine hazikuzuii, mradi uweze kusoma mizania, taarifa ya mapato na mtiririko wa fedha wa kampuni bila kuhitaji mtu wa kukutafsiria.

Hatua ya 3: Tafuta kampuni kabla ya leseni

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanadhani leseni hupatikana kama ya udereva: unasoma, unafanya mtihani, unatembea nayo mfukoni. Katika nchi nyingi leseni ya dalali imefungwa na kampuni anayofanyia kazi. Chukua Marekani: mtihani wa utangulizi uitwao SIE, wenye maswali 75 yanayohesabiwa, yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kuufanya, na ufaulu wake unadumu miaka 4. Lakini huo peke yake haukuruhusu kuhudumia mteja. Mtihani wa udalali wenyewe, uitwao Series 7, maswali 125 kwa saa 3 na dakika 45, ufaulu alama 72, huwezi kuukalia mpaka udhaminiwe na kampuni iliyosajiliwa FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa Marekani. Uingereza nako, kampuni yenyewe hulazimika kila mwaka kuthibitisha kwamba mtu wake bado anafaa kwa kazi hiyo. Kwako taratibu zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo anza kwa kusoma kanuni za mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji nchini mwako.

Basi omba kazi yoyote ndani ya kampuni ya udalali, hasa ofisi ya nyuma: kufungua akaunti, kukagua vitambulisho, kulinganisha miamala ya jana na taarifa za benki. Ni kazi isiyo na sifa, na vijana wengi huikimbia. Mimi ningeichagua kuliko kiti cha karibu na skrini. Marekani ilihamia malipo ya siku moja ya kazi tarehe 28 Mei 2024. Ukiuza leo, kila kitu kinakamilika kesho yake ya kazi. Muda ukibana hivyo, mtu anayejua kwa nini muamala umekwama ndiye anayetafutwa ofisi nzima.

Hatua ya 4: Lijue agizo

Mteja anapiga simu: "Ninunulie hisa 1,000 za kampuni fulani, bei naiona 50." Ukikimbilia kuingiza agizo la bei ya soko, yaani kununua kwa bei yoyote iliyopo, angalia kinachoweza kutokea. Wauzaji walioko wana hisa 200 kwa 50, hisa 300 kwa 52, na hisa 500 kwa 58. Agizo lako litazila zote, na mteja atalipa 54,600, yaani wastani wa 54.6 kwa hisa. Hukumwibia, lakini atahisi ameibiwa. Dalali makini angemsomea hali ya soko na kumuuliza kama anataka kuweka bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa anayokubali kulipa, na agizo lidumu kwa muda gani. Kisha angerudia kwa sauti: kununua, kampuni, idadi, bei. Simu zenyewe kwa kawaida hurekodiwa, na siku mkibishana rekodi hiyo ndiyo shahidi wako.

Kurudia huko kuna sababu. Desemba 2005, Tokyo, kampuni ya Mizuho Securities ilipewa agizo la kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Likaingizwa kinyume: hisa 610,000 kwa yeni 1. Idadi hiyo ilikuwa zaidi ya mara 40 ya hisa zote za J-Com zilizokuwapo, na hasara ikawa mabilioni ya yeni.

Hatua ya 5: Wateja

Mwanzoni mshahara ni mdogo na kamisheni ni ya kubahatisha. Usiahidi faida, hata kwa utani. Kila ushauri unaotoa uandike, pamoja na tarehe. Na tafadhali, usianze na fedha za ndugu: hasara ya mteja mgeni ni barua ya malalamiko, hasara ya mjomba inasimuliwa kila msiba.

Mipaka haina mjadala. Usitangulize agizo lako mbele ya la mteja. Usimnunulie na kumuuzia ovyo ili kamisheni ipande. Ukipata habari za ndani za kampuni kabla hazijatangazwa, usizitumie wala usimnong'oneze mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nimesomea ualimu. Nina nafasi kweli?

Jibu: Unayo. Kumweleza mstaafu hatifungani (mkopo ambao mwekezaji anaipa serikali au kampuni) ni nini mpaka aelewe ni kipaji ambacho wahasibu wengi hawana. Ongeza usomaji wa hesabu za kampuni, na uombe nafasi za huduma kwa wateja.

Swali: Nimefanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni kwa muda. Nikiweka kwenye wasifu itanisaidia?

Jibu: Kidogo. Itaonyesha unapenda masoko. Ila jiandae kuulizwa kuhusu akaunti zako binafsi, kwa sababu kampuni nyingi hutaka uziweke wazi na uombe kibali kabla ya kununua au kuuza chochote chako.

Swali: Kuna watu wanasema nilipe kwanza ada ya mafunzo, halafu wataniajiri kama dalali. Nilipe?

Jibu: Usilipe. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya waliosajiliwa na mdhibiti. Usipoliona, achana nao. Ukiliona, piga kwa namba iliyo kwenye orodha hiyo, usitumie waliyokupa wao, maana matapeli hupenda kuvaa majina ya kampuni halali.

Swali: Mwalimu, mteja anang'ang'ania kununua hisa ambayo naona kabisa itamuumiza. Nimkatalie?

Jibu: Inategemea umeajiriwa kufanya nini, dada. Kama wewe ni wa kutekeleza tu, fedha ni zake: mweleze hatari kwa maneno mepesi, andika kwamba umemweleza, kisha tekeleza kama alivyosema. Kama wewe ni mshauri wake, huruhusiwi kumpendekezea kisichomfaa, na akisisitiza lazima kumbukumbu zionyeshe kuwa wazo ni lake na ulipinga. Ukiona anataka kutia fedha yote aliyonayo, usiamue peke yako. Mpelekee msimamizi wako kabla agizo halijaingia.