Losartan (kidonge cha presha): jinsi ya kuitumia kama una presha na sukari imeshagusa figo

Meza kila siku saa ileile, umekula au hujala haina shida, mama yangu tunamwekea kwenye kikombe cha mswaki ndo hasahau. Wengi wanaanzishiwa miligramu 50, dokta anaweza kupandisha hadi 100. Wiki 1 au 2 baada ya kuanza rudi upime damu, kreatinini (inaonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu (madini ya kwenye damu), hapo usikwepe jamani maana potasiamu ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo. Presha ikikaa sawa usiache, ndo inavyolinda figo hiyo, inapunguza protini inayovuja kwenye mkojo. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni achana nazo kabisa. Ukitapika au kuharisha sana mpigie dokta, anaweza kuisimamisha kwa muda. Ukihisi mimba wahi kliniki siku hiyohiyo, inamdhuru mtoto.