Mafuta ya chipsi kwenye mashine ya kusaga: kuyatuliza, kuyachuja na kuyachanganya na dizeli

Ukitaka kuendesha injini ya dizeli kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, jua kwamba filta haiondoi maji yaliyomo ndani yake. Hilo ndilo la kushika kabla ya kununua hata mpira mmoja wa kupitishia mafuta, kwa sababu injini nyingi zinazokufa kwa mafuta ya kukaangia huuawa na maji yaliyobaki ndani yake, pamoja na chumvi iliyoyeyuka kwenye maji hayo. Mafuta yenyewe injini inayaweza: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina aliyobuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Maelezo haya ni ya injini za mwendo wa polepole zinazosaga mahindi: Lister ya silinda moja, mizunguko 650 kwa dakika, na zile za India zilizoigwa kwake. Injini kama hiyo ina nafasi ya kutosha ya kuunguza mafuta mazito, na nozeli yake (kinachopuliza mafuta ndani ya silinda) fundi wa pampu wa kawaida anaifungua na kuipima. Gari lenye pampu ya mzunguko ni hatari zaidi, kwa kuwa pampu hiyo hulainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Ikilazimishwa kusukuma mafuta mazito ya asubuhi yenye baridi, inaweza kukatika shafti. Injini za kisasa za komoni reli, zinazopuliza mafuta kwa shinikizo kubwa sana, usiziguse kabisa.

Kuchagua mafuta

Uliza banda linakaangia nini. Mafuta ya mawese huungua vizuri na hayaachi utando mwingi, ila huganda: Dar es Salaam hutaona shida, Njombe au Limuru utayakuta asubuhi yamekuwa kama samli. Mafuta ya alizeti hayagandi kirahisi, lakini yakikutana na joto na hewa hugeuka kuwa kitu kama vanishi, na vanishi hiyo hushika ringi za pistoni. Ukipata yote mawili, yatunze kwenye madumu tofauti.

Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi huwa na asidi, nayo hula shaba na zinki. Kuipima si kazi ngumu. Loweka bizari ya manjano ya unga kwenye spiriti usiku kucha, uchukue maji yake ya njano. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji safi (vaa glavu na miwani). Tia mililita 1 ya mafuta kwenye mililita 10 za isopropili (aina ya spiriti) ya asilimia 99, pasha kidogo kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto mbali na mwali, ongeza matone machache ya manjano. Kisha dondoshea maji ya kostiki kwa sirinji, kidogo kidogo, ukitikisa. Rangi ikigeuka nyekundu na kubaki hivyo kwa sekunde 15, soma sirinji. Chini ya mililita 3 ni mafuta mazuri. Yakipita 5, yaache.

Kuyatuliza

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu hukosa subira. Mimina mafuta kwenye pipa la plastiki au la chuma cheusi kupitia kitambaa chepesi ili kutoa makombo. Pipa la bati lililopakwa zinki halifai: asidi ya mafuta hutengeneza sabuni na zinki, na sabuni hiyo huziba filta. Koki ya kuchotea iwe sentimita 15 juu ya kitako, na nyingine ndogo iwe chini kabisa kwa ajili ya kutoa uchafu.

Acha wiki mbili bila kutikisa. Ukitaka kuharakisha, pasha hadi nyuzi 60, zima moto, funika, subiri siku mbili au tatu: mafuta yakiwa mepesi, maji hushuka haraka. Usiyachemshe kupita nyuzi 100 maji yakiwa bado kitakoni. Maji hugeuka mvuke ghafla chini ya mafuta na kuyarusha yote juu yako.

Fungua koki ya chini, toa matope mpaka yaje mafuta angavu. Halafu pima: pasha kikaango kidogo kikavu mpaka kiwe moto sana bila kufuka moshi, dondoshea tone moja la mafuta kutoka koki ya juu. Yakitulia kimya, ni makavu. Yakitoa sauti ya kuchachatika au vipovu vingi, rudisha pipani, wiki nyingine.

Kuchuja

Chuja mafuta yakiwa baridi. Wengi hupasha ili yapite upesi, na yanapita kweli, lakini yanapita pamoja na mafuta magumu na maji yaliyoyeyuka kwa joto; usiku yakipoa, vitu hivyo hujitokeza upya ndani ya filta ya injini.

Inua pipa mita moja na nusu. Anza na mguu wa suruali ya jinzi ulioshonwa upande mmoja. Kutoka hapo peleka kwenye chujio la maji la nyumbani la inchi 10, lenye filta ya polipropilini (aina ya plastiki) ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), kisha jingine la maikroni 1. Usiweke filta ya mkaa wala ya karatasi. Mtiririko utakuwa mwembamba kama uzi. Uache usiku kucha.

Kuchanganya na kuwasha

Kwenye nyuzi 40 mafuta ya kula ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Bila kifaa cha kupasha, usizidishe asilimia 30: lita 6 za mafuta kwa lita 14 za dizeli kwenye dumu la lita 20. Tia dizeli nusu, mafuta yote, kisha dizeli iliyobaki, tikisa, acha siku moja uangalie kitako. Sehemu za baridi anza na lita 3.

Petroli usiichanganye kamwe, hata kidogo. Inayapunguza uzito, kweli, lakini dumu zima linaanza kutoa mvuke unaolipuka.

Weka tangi mbili na koki ya njia tatu. Washa kwa dizeli tupu, saga dakika 10 hadi silinda ipate moto, ndipo ugeuze. Dakika 10 kabla ya kuzima rudi kwenye dizeli, ili mchanganyiko usibaki kwenye pampu na nozeli. Usiiache ikizunguka bila mzigo: silinda hupoa, mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye nozeli. Mipira ya kawaida hulainika na kuvimba, kwa hiyo tumia ya nitrile.

Moshi mweupe wenye harufu ya chipsi maana yake umegeuza mapema. Moshi mweusi ambao haukuwepo: nozeli inadondosha, ipeleke kwa fundi. Nguvu ikipungua taratibu, badilisha filta. Angalia kijiti cha oili kila siku. Oili ikipanda au ikivutana kama uji mzito, mafuta yamepenya kwenye ringi. Zima, mwaga, badilisha. Kwa kawaida badilisha oili kwa nusu ya saa zilizoandikwa na mtengenezaji.

Oili chafu ya injini ni jambo jingine. Zinki na kalsiamu zilizotiwa humo zimeyeyuka, hakuna filta inayozitoa, na zikiungua huacha majivu magumu kwenye valvu. Moshi wake una metali, na mahali panaposagwa unga wa watu hauna nafasi. Mafuta ya transfoma pia yaache: ya zamani yanaweza kuwa na PCB, sumu isiyotoka mwilini kwa miaka mingi.

Mchanganyiko huu ni kwa mashine yako mwenyewe. Kuwauzia wengine kama dizeli ni kosa la kisheria Kenya na Tanzania.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya alizeti hujipasha vyenyewe vikirundikwa na huweza kushika moto bila kiberiti. Viweke kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko, mbali na magunia.