Kupanga safari ya milima ya Virunga: kibali kwanza, nauli baadaye

Virunga ni volkano nane zilizojipanga mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo. Kila nchi ina hifadhi yake, sarafu yake na masharti yake. Wengi wanaoniomba ushauri huwa wameshakata tiketi ya ndege au basi, ndipo wanauliza kibali cha kuwaona gorila kinapatikana wapi. Anza na kibali. Hicho ndicho kinachopanga tarehe, mengine yanakifuata.

1. Chagua upande

Kongo iache kwa sasa. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025, hakuna safari ya kupangika huko. Mlima Nyiragongo, volkano iliyolipuka Mei 2021, utautazama ukiwa Rubavu, Rwanda. Zinabaki nchi mbili, na kwa mtu mwenye wiki moja zinatosha kabisa. Lala Musanze upande wa Rwanda (wenyeji wa siku nyingi bado wanaiita Ruhengeri) na Kisoro upande wa Uganda.

2. Kata kibali

Kumwona gorila Rwanda, mgeni wa kutoka mbali analipa dola 1,500. Uganda ni dola 800 tangu Julai 2024, lakini raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za huko. Rwanda nayo ina bei nafuu kwa wana Jumuiya. Kwa hiyo mtajie wakala uraia wako kabla hajakupigia hesabu, asije akakupa bei ya Mzungu.

Upande wa Uganda, hifadhi ya Mgahinga ina familia moja tu ya gorila iliyozoeshwa watu, Nyakagezi, na wageni hawazidi wanane kwa siku. Familia hiyo imewahi kuhamia ng'ambo ya mpaka bila kuaga. Ndiyo maana mimi hushauri gorila waonwe Rwanda, yenye familia zaidi ya kumi, na Mgahinga iwe ya kupanda mlima na kuwaona kima wa dhahabu. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwa gorila, na mwenye mafua anarudishwa getini.

3. Majira

Juni hadi Septemba, au Desemba hadi Februari. Masika njia ni tope tupu.

4. Nyaraka

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Rafiki anayekuja kutoka Ulaya au Marekani aombe viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda: dola 100, siku 90, ila aingie kwanza nchi iliyompa. Kadi ya homa ya manjano kila mtu awe nayo.

5. Mpaka, na hasa saa

Kutoka Kigali, basi dogo la stendi ya Nyabugogo linakufikisha Musanze kwa muda wa saa mbili hivi. Kutoka Musanze unavuka mpaka wa Cyanika na kuingia Kisoro, vuka mchana. Ukishavuka, magari yanahamia kushoto, kwa hiyo angalia barabara pande zote kabla ya kukanyaga lami.

Sasa saa. Rwanda iko nyuma ya Uganda, Kenya na Tanzania kwa saa nzima. Saa moja asubuhi ya Kinigi, kwenye ofisi ya hifadhi ya Rwanda wageni wanapokusanyika, ni saa mbili ya Kisoro. Ukitoka Uganda kwenda Rwanda umeongezewa saa, ukirudi umenyang'anywa. Tatizo ni simu: ukilala Kisoro inaweza kunasa mtandao wa Rwanda usiku, ikajirudisha nyuma yenyewe, na kengele ikalia wakati wenzako wameshaondoka. Zima mpangilio wa saa ya kujibadilisha, au vaa saa ya mkononi. Kibali cha kuchelewa hakirudishiwi pesa kirahisi.

6. Panga siku

Anayetoka Dar au Mombasa asianze na mlima Karisimbi, mita 4,507, siku mbili za baridi kali. Pumzika Musanze siku moja, uone gorila, kisha uvuke ukapande mlima Sabyinyo kutokea Mgahinga. Sabyinyo una vilele vitatu na ngazi za miti zilizosimama wima. Kwenye kilele cha tatu ndipo nchi zote tatu zinapokutana. Ni kazi ya kutwa nzima, na ukiogopa ngazi hakuna aibu kuishia kilele cha kwanza.

7. Mzigo

Koti la mvua, buti zilizokwisha kuzoea mguu, na glavu ngumu za bustani, kwa sababu utashika majani yanayowasha unapotafuta pa kujishikiza. Suruali ichomeke ndani ya soksi. Siafu wa huko hawana simile. Mifuko ya plastiki usiingie nayo Rwanda, imepigwa marufuku tangu 2008.

Mpagazi mchukue hata kama begi ni jepesi, maana kwenye utelezi atakuvuta mkono. Elewaneni bei getini kabla ya kuanza, na uwe na noti ndogo za nchi hiyo.