Somo: kuvuna na kusaga upupu wa kutambaa bila kujiumiza

Swali la jinsi ya kuvuna na kusaga upupu wa dawa nimelijibu mara nyingi mno hapa Goma, na wa Bukavu nao wameanza kuniuliza. Kwa hiyo ninaliandika mara moja.

Kwanza, uutambue mmea wenyewe. Upupu wa kutambaa, yaani Tragia brevipes, ni wa ukoo mmoja na muhogo: shina lake jembamba hujizungusha kwenye miti, majani yake hupishana, na tunda lake lina sehemu tatu. Ule unaosimama wima, wenye majani yanayotazamana mawili mawili, ni upupu mwingine, Urtica massaica.

Pili, vaa glavu nene na ukate kwa kisu.

Tatu, anika kivulini.

Nne, kusaga, na hapa ndipo nilipokosea. Nilidhani jani likishakauka limekwisha makali, nikatwanga ndani ya jikoni lililofungwa, uso wazi. Vumbi lilinishika koo na macho, nikakohoa hadi usiku. Twanga nje, upepo ukiwa mgongoni, kinu kikiwa kimefunikwa na pua imefungwa kitambaa. Ukichomwa, usisugue: bandika skochi (utepe wa kunata) na uibandue ili itoke na vinyweleo, kisha uoshe kwa maji na sabuni.

— Yaya, ninywe vijiko vingapi?
Sikuandika dozi mahali popote. Muulize mganga anayekujua, na daktari pia kama una mimba au unameza dawa nyingine.

— Sina glavu. Mfuko wa plastiki unafaa?
Haufai. Soma tena hatua ya pili.

— Mbona unachoma hata ukiwa mkavu?
Swali zuri, mama. Kinyweleo cha Urtica ni kama sindano ya kioo: ncha ikivunjika, maji ya sumu huingia ngozini. Cha Tragia hubeba ndani yake fuwele kali ya kalsiamu oksaleti, ambayo kukauka hakuiyeyushi, wala maji hayaiyeyushi.

— Na gorila wa Virunga, wanakulaje upupu?
Wanaoula wao ni upupu mwingine, Laportea alatipes. Gorila huyakwangua majani kwa kupandisha mkono kwenye shina, huyakusanya, kisha huyakunja hivi kwamba jani moja tu hubaki nje likiyafunika mengine, ndipo atie kinywani.

— Basi nami nitakunja hivyo nikivuna wangu.
Kunja, papa, ukiwa na glavu.