Somo: Vitabu vya kutambulia majambia na panga za Kiarabu

Usianze na kitabu, anza na silaha yenyewe. Pima urefu wa ubapa, upana wake unapotokea kwenye mpini, na unene wa mgongo mahali patatu: mpinini, katikati, na sentimita 5 kabla ya ncha. Piga picha pande zote mbili, na ala pia. Asiye na vipimo hulinganisha picha tu, na picha haisemi ukubwa.

Kitabu cha kwanza ni kamusi ya George Cameron Stone, 1934. Imechapwa upya kwa jalada jepesi na bei yake inabebeka. Itumie kupata majina na maumbo. Kwa tarehe usiitegemee.

Cha pili ni bure: katalogi ya David Alexander, 2015, ya silaha za Kiislamu zilizo katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Pakua kwenye tovuti yao. Ila mle mna vitu vya masultani, kwa hiyo jambia la babu lisipofanana na chochote, usilidharau.

Cha tatu ni kitabu cha eneo, na hapa ndipo pesa hutoka. Kwa Oman na Yemen tafuta cha Robert Elgood, 1994, kuhusu silaha za Arabuni za karne ya 18 hadi 20. Kwa India yupo Egerton, 1880, aliyepanuliwa 1896. Haki zake zimekwisha, nakala za mtandaoni zipo. Jihadhari na machapisho ya bei rahisi yanayotokana na skani: karatasi za kukunja huskaniwa bila kukunjuliwa, ukapata nusu ya ramani.

Hatua ya mwisho wengi huiruka: kitabu kimeitoa wapi habari yake? Auguste Demmin, mwandishi wa kitabu cha silaha, aliuita upanga mmoja wenye mpini wa umbo la H kuwa wa Zanzibar. Msafiri Richard Burton akaunakili kitabuni mwake 1884 (naye Unguja alifika!), jina likashika. Ni katalogi ya Charles Buttin, 1933, iliyourudisha kwao Morocco, unakoitwa s'boula. Vitabu viwili vilivyonakiliana ni shahidi mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ubapa wangu una jina la Asadullah wa Isfahan, yule fundi wa panga wa Uajemi. Ni kazi yake kweli?
Jibu: Usilipie jina, ndugu yangu. Limechongwa kwenye panga nyingi mno, zenye tarehe zilizopishana zaidi ya karne. Tazama kwanza mawimbi ya chuma (michirizi inayoonekana juu ya ubapa) na ufundi wa herufi.

Swali: Umeandikwa ١٢٥٥. Ni mwaka gani?
Jibu: Ni 1255 Hijria. Zidisha kwa 0.97, ongeza 622: unapata 1839. Unaweza kupishana mwaka mmoja.

Swali: Upanga wangu wa Oman una alama ya Kizungu. Nimeuziwa bandia?
Jibu: Si lazima. Bapa za Ujerumani, hasa za Solingen, ziliuzwa Arabuni kwa wingi na kutiwa mipini huko huko. Tafuta ubapa kwenye kitabu kimoja na mpini kwenye kingine, uandike tarehe mbili.