Umetua Heathrow? Hivi ndivyo unavyoingia London kwa treni bila kupoteza hela

Ukishamalizana na watu wa uhamiaji na mabegi umeshayapata, usikimbilie kibao cha kwanza cha treni utakachokiona, maana chini ya Heathrow zinapita treni za aina tatu na bei zake hazikaribiani hata kidogo. Kuna Piccadilly, hii ndiyo treni ya chini ya ardhi yenyewe, ipo pale tangu 1977. Kuna Elizabeth, treni ya kisasa inayopita katikati ya London. Halafu kuna Heathrow Express, dakika 15 tu kutoka Terminal 2 na 3 umefika Paddington, stesheni kubwa ya magharibi mwa London ya kati, ila ukinunua tiketi siku hiyohiyo utalia, na watu wengi hawalali Paddington, kwahiyo bado utapanda treni nyingine.

Mimi nasema hivi, kama uko peke yako na begi moja panda Piccadilly, inachukua kama saa nzima hadi katikati ya mji lakini nauli yake haifiki hata nusu ya Elizabeth. Kama una mzee, watoto au masanduku makubwa, lipa tu Elizabeth, behewa ni pana, lina hewa ya baridi na stesheni zake zote zina lifti au njia isiyo na ngazi. Hilo la lifti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Stesheni za Piccadilly pale uwanjani zina lifti safi kabisa, unaona raha, kumbe unakoshukia ndiko kuna shida, Leicester Square na Piccadilly Circus kwa mfano utabeba sanduku kwenye ngazi na watu wanakusukuma nyuma. King's Cross na Green Park lifti zipo. Na kama unaenda Victoria au Westminster, shukia Hammersmith au Barons Court, vuka hatua chache tu upande wa pili wa jukwaa hilohilo upande District, njia nyingine ya treni za chini ya ardhi, hakuna kupanda wala kushuka ngazi.

Tiketi ya karatasi achana nayo, ni ghali. Gusisha kadi ya benki au simu kwenye geti ukiingia na ukitoka, na iwe ileile, ukiingia na kadi ukatoka na simu mashine inaona watu wawili waliopotea na wote wanakatwa nauli ya juu kabisa, hata kama akaunti ni moja. Kila mtu na kadi yake. Watoto chini ya miaka 11 wanapita bure na mtu mzima, tumieni geti pana. Kuhama kutoka terminal moja kwenda nyingine kwa treni ni bure pia, ila kadi bado unagusisha.

Sasa siku ya kurudi, hapa ndo watu wanachelewa ndege. Treni za Piccadilly zinagawanyika zikishapita Hatton Cross, stesheni ya mwisho kabla ya uwanja, nyingine zinaenda Terminal 4 kwanza halafu zinazunguka kurudi Terminal 2 na 3, nyingine zinapita 2 na 3 zinaishia Terminal 5, kwahiyo angalia terminal yako kwenye tiketi ya ndege kabla hujatoka nyumbani kisha soma mbele ya treni imeandikwa nini. Ukigundua uko kwenye ya Terminal 5 na wewe ni wa 4, shuka Hatton Cross usubiri inayofuata. Ukiwa wa Terminal 5 na uko kwenye ya 4, tulia humohumo, itakufikisha 2 na 3 ubadilishe pale, ila ujue huwa inasimama Terminal 4 dakika kadhaa, usipaniki.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi Piccadilly inatembea usiku kucha, lakini Terminal 4 haifiki, kwahiyo kama ndege yako ni ya alfajiri huko, kipande hicho cha mwisho panga basi au teksi mapema.