Kujitengenezea Alama za Ukopaji kwa Data ya Wakopaji 1,000

Anayekopa kwa M-Shwari au Fuliza, huduma za mikopo kwa simu nchini Kenya, huoneshwa kikomo cha mkopo wake, lakini haoneshwi hesabu iliyokizaa. Mimi nilianza kuielewa hesabu ya aina hiyo, yaani ya alama za ukopaji zinazopima uwezekano wa mtu kulipa, pale nilipoiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na jioni mbili zilitosha.

Hatua ya kwanza ni kupakua faili ya South German Credit kutoka hazina ya data ya UCI, yaani Chuo Kikuu cha California, Irvine. Ina wakopaji 1,000 wa benki moja ya kusini mwa Ujerumani kati ya mwaka 1973 na 1975: 700 walilipa vizuri, 300 hawakulipa ipasavyo, na hao 300 waliongezwa makusudi kuliko walivyo katika hali halisi. Liepuke toleo la zamani la mwaka 1994. Nilianza nalo, likanionesha kwamba wasio na akaunti ya hundi ndio walipaji bora kuliko wote, nami nikatunga nadharia nzima ya kueleza ajabu hiyo. Kumbe maelezo ya maana ya tarakimu za makundi yalikuwa yamekosewa, kama alivyobainisha mtakwimu Ulrike Grömping mwaka 2019: kundi lile ni la watu wenye salio la mark 200 (sarafu ya Ujerumani ya wakati huo) au zaidi, au ambao mshahara wao umekuwa ukipitia katika akaunti hiyo kwa angalau mwaka mmoja.

Hatua ya pili, fungua faili kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchambua majedwali, kisha hesabu walipaji wazuri na wabaya kwa kila thamani ya safu iitwayo laufkont, yaani hali ya akaunti. Kundi la 1, wasio na akaunti, lina wazuri 139 na wabaya 135. Kundi la 4 lina wazuri 348 na wabaya 46.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi yote. Gawanya wazuri kwa wabaya katika kila kundi, gawanya jibu kwa uwiano wa jumla wa 700 kwa 300, chukua logi ya kizio cha 2, zidisha kwa 20, kisha ongeza 600. Kundi la 4 litapata 634 na kundi la 1 litapata 576. Hiyo 600 haina utukufu wowote, kwa kuwa tumeichagua sisi. Chenye maana ni kwamba kila alama 20 zinazoongezeka huufanya uwiano wa wazuri kwa wabaya kuwa maradufu.

Hatua ya nne, ongeza safu nyingine, kwa mfano laufzeit, ambayo ni muda wa mkopo kwa miezi. Usijumlishe alama za safu moja moja, kwa sababu safu hubeba habari zinazofanana na mtu ataadhibiwa mara mbili kwa jambo lilelile. Acha regresheni lojistiki, mbinu ya takwimu inayokadiria uwezekano wa jambo kwa kuzipima safu zote kwa pamoja, igawe uzito, na utenge wakopaji 300 wa kuupimia mfumo.

Mwisho, weka mpaka. Maelezo ya data hii yanahesabu kumkopesha asiyelipa kuwa hasara mara 5 ya kumnyima anayelipa, kwa hiyo mkopo utolewe pale tu ambapo wazuri wanazidi 5 kwa kila mbaya 1, sawa na alama 622. Kwa safu ya akaunti peke yake, ni kundi la 4 tu linalovuka.